Miaka 17 na kura za mchujo: nani anaingia foleni, nani anabaki nje

Kura za mchujo ni uchaguzi ambao chama huufanya miongoni mwa wanachama wake kabla ya uchaguzi mkuu, ili kumpata atakayepeperusha bendera yake. Wasikilizaji wetu waliokulia Tanzania huziita kura za maoni. Sisi tunatumia mchujo, kwa kuwa neno hilo linaeleza kazi yenyewe: majina mengi huingia, moja hutoka.

Katika nchi kadhaa vijana wamekuwa wakidai umri wa kushiriki mchujo ushushwe hadi miaka 17. Wanasema kuwa mtu atakayekuwa ametimiza miaka 18 siku ya uchaguzi mkuu anastahili kushiriki pia kuwachagua wagombea atakaoletewa siku hiyo. Nchini Marekani majimbo kadhaa, yakiwemo Ohio, Kentucky na Illinois, yanaruhusu hivyo. Illinois ilipitisha sheria yake mwaka 2013. California iliwauliza wapiga kura wake jambo hilo hilo Novemba 2020, nao wakalikataa.

Nchini Uganda Ibara ya 59 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa haki ya kupiga kura kila raia mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Kuibadilisha kunahitaji angalau theluthi mbili ya wabunge wote. Hata hivyo, Serikali humpa raia kitambulisho cha taifa akiwa na miaka 16, hivyo kijana wa sekondari mjini Mbarara hutambuliwa kwa jina, picha na alama za vidole miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kuchagua hata mwenyekiti wa kijiji.

Lakini kikwazo kinachowaumiza vijana wengi zaidi ni tarehe ya kufungwa kwa daftari la wapiga kura, na jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Kwa uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021, uandikishaji ulifungwa tarehe 23 Desemba 2019. Raia aliyezaliwa tarehe 2 Januari 2002 alitimiza miaka 18 siku kumi baada ya daftari kufungwa. Siku ya kura alikuwa na miaka 19 kamili, na jina lake halikuwamo. Katiba ilimruhusu, kalenda ikamkatalia. Kwa kijana wa namna hiyo, kuruhusu walio na miaka 17 kujiandikisha mapema, ili majina yao yaanze kutumika watakapotimiza 18, kungekuwa na faida kubwa kuliko mjadala wowote kuhusu mchujo, na kusingehitaji kugusa umri uliowekwa na Katiba.

Mchujo wenyewe si jambo dogo katika magharibi ya Uganda. Chama tawala cha NRM kina nguvu katika majimbo mengi ya ukanda huu, na mara nyingi anayeshinda mchujo huhesabiwa kuwa ameshinda kiti, isipokuwa pale mshindwa anapoamua kurudi uwanjani kama mgombea binafsi, jambo ambalo limekuwa kama desturi. Mchujo wa wabunge wa Julai 2025 ulifanyika kwa kupanga foleni: wanachama walisimama nyuma ya mgombea wanayemtaka au wakala wake, wakahesabiwa hadharani.

Hapo ndipo penye shaka ya kweli kuhusu vijana wa miaka 17. Karatasi ya siri humlinda mpiga kura mdogo, foleni humwanika. Mwanafunzi anayelipiwa karo na mjomba wake atasimama wapi, ikiwa mjomba yuko foleni ya upande wa pili na mwalimu wake anatazama? Watu wazima nao hukabiliwa na shinikizo hilo, ila wengi wao hawana karo ya muhula ujao mikononi mwa mtu mwingine. Anayetaka umri ushushwe angefaa kwanza aulize kuhusu foleni.

Nakivale: tatizo si umri

Kwa wasikilizaji wetu walioko makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, hesabu ni nyingine kabisa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamkataza mkimbizi kujihusisha na siasa ndani ya Uganda, iwe ngazi ya taifa au ya mtaa. Foleni ya mchujo ni siasa. Awe na miaka 17 au 70, mkimbizi hana nafasi ndani yake, na kitambulisho cha mkimbizi hakimwandikishi mtu kuwa mpiga kura, hata kama mpiga kampeni atasema vingine.

Kuzaliwa Nakivale nako hakubadilishi hali hiyo. Ibara ya 12 ya Katiba inawaacha nje ya uraia wa kusajiliwa watu ambao wazazi au babu na bibi zao walikuwa wakimbizi nchini. Upande wa Kongo, uchaguzi wa Desemba 2023 uliwafikia raia walioko nje katika nchi tano tu: Afrika Kusini, Ubelgiji, Kanada, Marekani na Ufaransa. Uganda haikuwamo. Maeneo ya Masisi na Rutshuru, ambako wengi wa Nakivale wametoka, hayakupiga kura hata kwa waliobaki nyumbani.

Kinachobaki ni uchaguzi wa mabaraza ya ustawi wa wakimbizi, RWC, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Mabaraza hayo hayatungi sheria, lakini hupeleka malalamiko kuhusu maji, mgawo na ugomvi wa mipaka ya viwanja. Kwa kuwa zaidi ya nusu ya wakimbizi nchini Uganda wana umri chini ya miaka 18, pengine ni hapa ambapo swali la umri lina uzito kuliko kwenye mchujo wa chama chochote.

Walioko Marekani

Familia nyingi za Nakivale zina ndugu waliohamishiwa Marekani kabla ya mpango huo kusitishwa Januari 2025. Kijana wa miaka 17 anayeishi Kentucky anaweza kupiga kura ya mchujo, akiwa raia, akiwa amejiandikisha katika chama, na akiwa atatimiza 18 ifikapo uchaguzi mkuu. Ukaazi wa kudumu hautoshi. Asiye raia akipiga kura, au akijiandikisha kwa kudai kuwa ni raia, anaweza kushtakiwa na hata kuondolewa nchini.

Mzazi mwenye ukaazi wa kudumu akipata uraia, mtoto mwenye ukaazi huo anayeishi chini ya ulezi wake huwa raia papo hapo, mradi hajatimiza miaka 18. Akishatimiza kabla ya mzazi kuapishwa, itambidi aombe uraia wake mwenyewe. Mzazi ambaye mwanawe ana miaka 16 au 17 na ambaye amekwisha kutimiza miaka mitano ya ukaazi asicheleweshe maombi yake.