Kisiwa cha Shamian na Mapatano ya Washirika

Wengi wetu katika chama hiki tumewahi kutembea Shamian jioni, chini ya miti mikubwa, tukipiga picha mbele ya nyumba za Kizungu. Wachache tumejiuliza nyumba zile zilifikaje Guangzhou. Jibu lake ni historia ya washirika wawili, Uingereza na Ufaransa, nayo inafika hadi Zanzibar.

Kila mmoja aliingia vitani na sababu yake. Oktoba 1856 maofisa wa Guangzhou waliwakamata mabaharia wa chombo kilichoitwa Arrow, na Uingereza ikadai kwamba bendera yake imevunjiwa heshima. Ufaransa nayo ilishika kisa cha padri Auguste Chapdelaine, aliyeuawa Guangxi mapema mwaka huohuo. Nyuma ya visa hivyo palikuwa na biashara, kasumba ikiwemo, na tamaa ya kufunguliwa bandari zaidi. Lord Elgin aliiwakilisha Uingereza, Baron Gros Ufaransa.

Mwishoni mwa Desemba 1857 Guangzhou ilipigwa mizinga na kutekwa. Gavana Mkuu Ye Mingchen alikamatwa Januari 1858, akapelekwa Calcutta, akafia huko mwaka 1859. Washirika walimwacha gavana wa mkoa, Bogui, kwenye kiti chake, lakini kamati yao ndiyo iliyokuwa na amri. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe; hawa walikaa hadi Oktoba 1861.

Ushirika huo haukuwa wa moyo mmoja. Oktoba 1860, huko Beijing, Elgin aliamuru kasri la Yuanmingyuan lichomwe moto, kulipiza vifo vya watu wao waliokamatwa wakati wa mazungumzo. Gros alikataa kushiriki, ingawa askari wake walikuwa wamekwisha kupora humo. Hata hivyo, siku chache baadaye kila mmoja alitia sahihi mkataba wake, tarehe 24 na 25, na kila nchi ikaahidiwa fidia ya taeli milioni 8 za fedha. Walitofautiana juu ya moto, si juu ya malipo.

Guangzhou nayo iligawanywa. Shamian ilikuwa fungu la mchanga mtoni. Lilijazwa udongo, Waingereza wakachukua sehemu nne kati ya tano, Wafaransa moja. Mahali ilipokuwa ofisi ya Ye, Wafaransa walijenga kanisa kuu la mawe, Shishi, kuanzia 1863 hadi 1888.

Sisi tunaosoma lugha tuna jambo la kuzingatia hapa. Mkataba wa Tianjin wa 1858 kati ya Uingereza na China ulisema, katika Ibara ya 50, kwamba matini mbili zikihitilafiana, maana ya Kiingereza ndiyo itakayokuwa sahihi. Ibara ya 51 ilikataza maofisa wa China kuwaita Waingereza *yi*, neno lililofasiriwa kuwa "washenzi". Aliyeshinda vita alishinda pia kamusi.

Miezi michache baada ya kuondoka Guangzhou, washirika hawahawa walikutana Paris. Tarehe 10 Machi 1862 walitangaza kwamba wataheshimu uhuru wa Sultani wa Muscat na Sultani wa Zanzibar. Sahihi zilikuwa za Uingereza na Ufaransa tu. Sayyid Majid wa Zanzibar hakutia yake. Mwaka 1890 walipatana upya: Ufaransa ikatambua himaya ya Uingereza juu ya Zanzibar, na Uingereza ikatambua himaya ya Ufaransa juu ya Madagaska. Ahadi ya uhuru iliyotolewa na wawili ilifutwa na wawili, na mwenye nchi hakuwa miongoni mwao.

Kwa hiyo tukikutana na neno "mapatano" katika vitabu vyetu, tutazame kwanza sahihi zilizo chini yake. Na siku tutakapokwenda tena Shamian kupiga picha, tupitie Shishi, tusimame pale ilipokuwa ofisi ya Ye.