Sadaka ya Krismasi na Sitara ya Mwaka Mzima

Nyumba ni sitara ya mtu. Ndani yake hulala, huugua, hugombana na kupatana na mwenziwe bila ya kutazamwa na ulimwengu. Aliyekosa nyumba hakukosa kuta na paa tu. Amekosa mahali pa kuufichia udhaifu wake. Upungufu huo haungoji msimu, lakini katika nchi ya baridi kama Uingereza huonekana zaidi wakati wa Krismasi. Baridi huwa kali, na sikukuu yenyewe ni ukumbusho wa mtoto aliyelazwa horini kwa kuwa wazazi wake walikosa nafasi katika nyumba ya wageni. Namna Waingereza walivyowatendea maskini wasio na makao katika siku hiyo, kwa muda wa karibu miaka 200, yafunza tofauti iliyopo kati ya kumkirimu mtu na kumpa haki yake.

Mwanzo wa habari hii hauna ukarimu mwingi. Baada ya vita vya Napoleon askari wengi waliachishwa kazi wakatangatanga njiani pamoja na maskini wengine, na sheria ya mwaka 1824 ikafanya kulala nje kuwa kosa la kumpeleka mtu gerezani. Mwaka 1834 ikafuata Sheria mpya ya Maskini. Shabaha yake ilikuwa mhitaji asaidiwe ndani ya nyumba za kazi, na nyumba hizo ziwe duni kuliko maisha ya kibarua wa chini kabisa, ili asiingie ila aliyeshindwa na kila njia. Humo mume alitengwa na mkewe, na watoto wakatengwa na wazazi. Hata mlo wa Krismasi ulitiliwa shaka: wakuu wa sheria hiyo hapo kwanza hawakutaka fedha za kodi zitumike kwa karamu, wakaja kulegeza katika miaka ya 1840.

Katika miaka hiyo hiyo Charles Dickens alitoa hadithi yake ya Krismasi, Desemba 1843. Aliijua fedheha ya umaskini, maana alipokuwa mtoto wa miaka 12 baba yake alifungwa kwa deni, naye akatumwa kufanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu. Bahili wa hadithi yake, akiombwa sadaka, huuliza kama magereza na nyumba za kazi hazipo tena. Swali hilo lilikuwa kinywani mwa watu wengi wenye heshima zao. Dickens alitaka moyo wa tajiri ugeuke, na mioyo mingi iligeuka. Lakini moyo uliogeuka Desemba waweza kurudi ulikotoka Januari.

Msafiri maskini aliyetaka malazi ya usiku mmoja alipokewa katika vyumba vya wapita njia vilivyokuwa ndani ya nyumba za kazi. Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko mgeni alipewa nyundo asubuhi ya kwanza. Alipasua mawe au alifumua kamba kuukuu za marikebu ili kulipia mkate na kitanda chake. Sheria ya mwaka 1882 ikaongeza uzito: aliyeingia hakuruhusiwa kutoka hadi asubuhi ya pili baada ya kuingia kwake. Hivyo yule aliyelaumiwa kwa kutotafuta kazi alizuiwa ndani kwa saa zile zile ambazo kazi hutafutwa.

Mwaka 1877 mwandishi George R. Sims alitunga shairi kuhusu Krismasi katika nyumba ya kazi. Wakubwa wamekuja kutazama maskini wakila, na mzee mmoja anasimama katikati ya karamu kuwashitaki. Krismasi iliyopita aliomba chakula kwa ajili ya mkewe aliyekuwa akifa kwa njaa, akajibiwa kwamba mlango wa nyumba ya kazi uko wazi. Mke hakukubali kutengwa na mumewe, akafa. Shairi hilo lilisomwa sana kwa sababu liligusa jeraha lenyewe: mkono uliokuwa ukipakua nyama siku ile ndio uliomnyima mkate mwaka uliotangulia.

William Booth, mwasisi wa Jeshi la Wokovu, aliliona jambo hilo kwa macho ya mtendaji. Mwaka 1888 Jeshi hilo, ambalo baadaye lilifika Kenya mwaka 1921 na Tanganyika mwaka 1933, lilifungua makao ya chakula na malazi mashariki mwa London. Katika kitabu chake cha mwaka 1890 Booth alitoa mfano wa farasi wa magari ya abiria. Farasi akianguka barabarani huinuliwa kwanza, wala hakuna aulizaye kama ameanguka kwa uvivu wake. Na kila farasi ana malazi, malisho na kazi. Booth aliomba binadamu wa London apewe angalau alichopewa farasi. Ombi hilo lilipita mipaka ya sikukuu, maana farasi halishwi kwa Krismasi tu.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kasisi Dick Sheppard wa kanisa la St Martin-in-the-Fields, katikati ya London, aliufungua ukumbi wa chini ya kanisa ili askari wasio na pa kulala wapate kupumzika. Vita vilipokwisha wahitaji hawakwisha, na tangu miaka ya 1920 kanisa hilo limekuwa likichangisha fedha za Krismasi kwa njia ya redio. Mbele yake, katika uwanja wa Trafalgar, husimama kila mwaka tangu 1947 mti wa Krismasi utolewao na mji wa Oslo kwa shukrani ya msaada wa wakati wa vita. Taa za mti huo na ukumbi ule hazipitani mbali.

Novemba 1966 televisheni ya BBC ilionyesha mchezo wa Ken Loach juu ya mama kijana aliyepoteza nyumba, na mwishowe akanyang'anywa watoto wake katika kituo cha gari la moshi. Desemba mosi chama cha Shelter kikazinduliwa, na mwaka 1967 kikazaliwa kingine kilichoitwa Crisis at Christmas. Hiki cha pili hufungua vituo wakati wa sikukuu, ambamo watu wa kujitolea hupika, hutandika vitanda na kunyoa nywele, na waganga hutibu meno na miguu ya wageni. Lakini chama hicho kililiondoa neno Krismasi katika jina lake, kikabaki Crisis, kwa kuwa kazi yake ilikwisha kuenea mwaka mzima.

Mwaka 1977 Bunge lilipitisha sheria iliyowalazimisha wakuu wa miji kuwapatia makao wasio nayo. Neema ikawa haki, ila haki yenye tundu: wenye watoto, wajawazito, wazee na wadhaifu walitangulizwa, na mtu mzima aliye peke yake aghalabu aliachwa. Ndiye aliyeendelea kubisha hodi Krismasi. Ilingojwa miaka 40, hadi sheria ya mwaka 2017, ndipo halmashauri za Uingereza zilipotakiwa kumsaidia hata huyo; na Crisis ilikuwa miongoni mwa walioipigania.

Hapo ndipo thamani ya mlo wa Krismasi inapopimika. Wale waliopakua kisha wakaondoka waliacha njaa mahali pake. Waliokaa kitako na mgeni, wakamwuliza alilala wapi jana na atalala wapi kesho, walipata habari ambazo hakuna afisi iliyowapa, wakazipeleka Bungeni. Sahani moja haijengi nyumba. Lakini anayekula na mtu humjua jina, na ni vigumu kumfukuza mtu uliyekwisha kumjua jina.