Uhuru, Malindi na siri ya nyota zilizobanana

Usiku wa Mei usio na mbalamwezi, mkazi wa Mikumi akitoka nje ya mwanga wa mji na kutazama kusini ataona, juu kidogo kushoto kwa Msalaba wa Kusini, doa hafifu mithili ya nyota yenye ukungu. Hiyo ni Omega Centauri, fungunyota lenye umbo la tufe: nyota zipatazo milioni 10, mbali nasi miaka ya nuru 17,000 hivi.

Mwaka 1677 Edmond Halley, akiwa kisiwani St Helena, alitambua kwamba si nyota ya kawaida. Darubini zilizofuata zilitenganisha nyota za pembeni. Katikati pakabaki bonge la mwanga. Hewa ya dunia huyumbisha picha, na huko ndani nyota zimesongamana kupita kiasi.

Habari za vitovu vya mafungunyota ya aina hii zilianza kufunguka kutoka pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, Waitaliano walirusha setilaiti ya Marekani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kupima eksirei za angani tu, mionzi ambayo hewa huizuia isitufikie. Ilijizungusha taratibu, mara moja kila dakika 12, ikipapasa anga ukanda kwa ukanda.

Matokeo yake yalishangaza: baadhi ya vyanzo vikali vya eksirei vilikuwa ndani ya mafungunyota, mojawapo likiwa NGC 6441 katika mkia wa Nge. Kufikia 1975 wataalamu walikuwa na maelezo. Palipo na msongamano, nyota iliyokufa na kugandamana humnasa jirani, ikamnyonya gesi. Gesi ikichemka kwa joto kali, hutoa eksirei.

Kuzitazama nyota zenyewe moja moja kulisubiri darubini ya Hubble. Mwaka 2024 watafiti waliopitia picha zake za miaka 20 walitangaza nyota 7 katika kitovu cha Omega Centauri zinazokimbia mno, dalili ya shimo jeusi lenye uzito wa angalau majua 8,200.

Walimu wa sayansi wa Kilosa, kabla Juni haijapita, watoeni wanafunzi nje saa tatu usiku, na darubini ya kawaida ya kutazamia wanyama Mikumi itatosha kuwaonyesha Omega Centauri.