Ni Nani Aliyeteswa Msalabani?

Msomaji, yako maswali ambayo mtoto aweza kuyauliza kwa pumzi moja, na wazee wakakaa karne nyingi wakiyatafutia jawabu. Moja la maswali hayo ni hili: aliyeteswa msalabani alikuwa nani?

Wakristo wa zamani waliamini kwamba Yesu Kristo alikuwa mtu kweli, aliyeona njaa, aliyechoka na kulia. Katika mwaka 325 maaskofu waliokutana Nicaea wakathibitisha kwamba yeye ni Mungu kweli vilevile. Walakini walishika pia ya kwamba Mungu habadiliki, haumwi wala hafi. Hapo ndipo fundo lilipokazwa. Ukisema kwamba aliyekufa ni mtu tu, utaulizwa: kifo cha mtu mmoja kiliwezaje kuwaokoa watu wote? Ukisema kwamba aliyekufa ni Mungu, utaulizwa: Mungu awezaye kufa ni Mungu wa namna gani?

Miji miwili mikubwa ilikuwa na njia mbili za kulifungua fundo hilo. Walimu wa Antiokia, katika nchi ya Shamu, walichelea kumpaka Mungu maumivu ya viumbe. Kwa hiyo walitenga: mambo ya ubinadamu upande huu, mambo ya Uungu upande ule. Walipenda mfano wa hekalu na mwenye kukaa ndani yake. Hekalu laweza kubomolewa, lakini mkazi wake hadhuriki. Walimu wa Iskanderia, katika Misri, walichelea jambo jingine, yaani kumgawa Kristo awe wawili. Kwao, Neno wa Mungu mwenyewe ndiye aliyezaliwa, na ndiye aliyesulubiwa.

Katika mwaka 428 Nestorius, aliyelelewa katika elimu ya Antiokia, alifanywa askofu mkuu wa Constantinople, mji wa Kaisari, ambao leo huitwa Istanbul. Watu wa mji huo walizoea kumwita Mariamu kwa neno la Kiyunani Theotokos, maana yake aliyemzaa Mungu. Nestorius hakuridhika. Alihoji, Mungu asiye na mwanzo awezaje kuzaliwa na mwanamke? Afadhali kusema kwamba Mariamu alimzaa Kristo. Alidhani anasahihisha neno. Kumbe amegusa ibada ya watu.

Habari zilimfikia Cyril, askofu mkuu wa Iskanderia, mtu mwenye akili nyingi na mkono mzito. Cyril alijibu kwa hoja ambayo yafaa uifahamu vema. Hakusema kwamba Uungu wenyewe ulitobolewa kwa misumari. Alisema kwamba Neno aliutwaa mwili akaufanya kuwa wake mwenyewe, hata mateso ya mwili ule yakawa mateso yake. Alitoa mfano wa chuma kilichotiwa motoni. Chuma na moto vimeungana kabisa. Ukikipiga kwa nyundo, chuma hupondeka, wala asili ya moto haidhuriki. Hivyo Mungu aliteseka katika mwili, ilhali Uungu wake haukuumizwa.

Kaisari Theodosius wa Pili aliwaita maaskofu wakutane Efeso katika mwaka 431. Cyril alifika mapema, akafungua baraza tarehe 22 Juni bila ya kuwangoja maaskofu wa Shamu waliokuwa bado njiani, ingawa mjumbe wa Kaisari alimsihi angoje. Nestorius akahukumiwa siku ile ile, naye hakuhudhuria. Siku chache baadaye watu wa Antiokia waliwasili, wakafanya baraza lao wenyewe, wakamhukumu Cyril. Kaisari akaamuru wote wawili wawekwe kizuizini. Cyril alitoa zawadi nyingi kwa wakubwa wa jumba la Kaisari, na mwishowe akarudi kwake kwa heshima. Nestorius akaondolewa katika kiti chake, kisha akahamishwa hata majangwa ya Misri, nchi ya mshindani wake, akafia huko yapata mwaka 450.

Usiharakishe, msomaji, kusema kwamba hoja ya Cyril ilikuwa mbovu kwa kuwa mwendo wake haukuwa mwema. Njia aliyoitumia mtu kushinda ni jambo moja, na ukweli wa neno lake ni jambo jingine. Mwanafunzi wa historia hana budi kuyapima yote mawili.

Efeso haukuleta amani. Katika mwaka 433 Cyril na watu wa Antiokia walipatana, lakini Cyril alipokufa katika mwaka 444 moto uliwaka tena. Mwaka 449 baraza jingine lilifanyika Efeso chini ya Dioscorus, mrithi wa Cyril. Flavian, askofu mkuu wa Constantinople, alivuliwa cheo kwa matusi na mapigo, akafa baada ya muda mfupi. Papa Leo wa Roma alilifananisha baraza hilo na genge la wanyang'anyi. Mwaka uliofuata Theodosius alianguka kutoka juu ya farasi, akafa. Na dada yake Pulcheria pamoja na mumewe Marcian wakaitisha baraza jipya. Lilikutana Chalcedon katika Oktoba 451. Liliamua kwamba Kristo ni nafsi moja katika asili mbili, ya Mungu na ya mtu, na kwamba asili hizo hazikuchanganyika wala hazitengani.

Wengi katika Misri na Shamu walikataa. Waliposikia "asili mbili" walidhani Nestorius amerudi kwa mlango wa nyuma. Sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa katika neno lenyewe. Neno la Kiyunani physis, tulilolifasiri kuwa asili, wengine walilitumia kwa maana ya sifa za kitu, na wengine kwa maana ya kitu chenyewe kilicho hai. Kwa hawa wa pili, kusema asili mbili ni kusema Kristo wawili. Hivyo watu walipigania neno moja lenye maana mbili, na damu ikamwagika. Katika mwaka 457 umati wa Iskanderia ulimuua Proterius, askofu aliyewekwa na wafuasi wa Chalcedon. Katika mwaka 512 Constantinople ilijaa ghasia kwa sababu wimbo wa kanisani wa kumsifu Mungu Mtakatifu uliongezwa maneno ya kwamba alisulubiwa kwa ajili yetu. Kaisari Anastasius alilazimika kwenda mbele ya umati bila ya taji, akasema yu tayari kukiacha kiti chake. Hatimaye Kaisari Justinian, na baraza la Constantinople la mwaka 553, walikiri kwamba aliyesulubiwa katika mwili ni mmoja wa Utatu. Hoja ya Cyril ilikubaliwa, lakini utengano ulikwisha komaa.

Utengano huo ulifika Afrika. Yohana wa Efeso, aliyeishi katika karne hiyo, ameandika kwamba yapata mwaka 543 Justinian na mkewe Theodora walituma wajumbe mbalimbali kwenda Nubia, kila mmoja akiwa na mafundisho yake, na mjumbe wa Theodora, mpinzani wa Chalcedon, akafika kwanza. Jirani zetu wa kaskazini, Waethiopia, nao huliita kanisa lao Tewahedo, yaani kuungana kuwa kitu kimoja. Jina hilo ni jawabu kwa swali letu. Upande wa mashariki, Kanisa la Uajemi, lililoendelea kumheshimu Nestorius, lilifikisha Ukristo hata China katika mwaka 635.

Karne kumi na tano zilipita kabla pande hizo hazijaketi pamoja kwa utulivu. Mwaka 1973 Papa Paulo wa Sita na Shenouda wa Tatu, mkuu wa Kanisa la Kikopti, walitia sahihi tamko la imani moja juu ya Kristo. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili na Mar Dinkha wa Nne wa Kanisa la Ashuru la Mashariki walifanya vivyo hivyo. Waliona kwamba maneno yao yalikuwa mbali zaidi kuliko imani zao.

Basi, msomaji, uwe Mkristo au usiwe, habari hizi zina faida kwako. Antiokia ilichunga heshima ya Mungu, Iskanderia ilichunga ukaribu wake na wanadamu wanaoteseka. Na kila upande ulikuwa na kitu cha thamani cha kulinda. Ukutanapo na wabishani, kabla hujachagua upande, waulize mambo mawili: Neno hili mwalitumia kwa maana gani? Na ni kitu gani mnachoogopa kukipoteza? Kama Efeso wangalingoja siku chache ili waulizane hivyo, labda Proterius asingaliuawa, wala Nestorius asingalifia jangwani.