Kilindini ilivyojifunza kudai mishahara

Januari 13, 1947, kazi ilisimama Mombasa. Makuli wa bandari ya Kilindini hawakufika gatini, wafanyakazi wa reli nao wakagoma, wakafuatwa na wa mahotelini na hata wapishi na maboi wa majumba ya Wazungu. Watu wapatao 15,000 waligoma kwa siku 12.

Bei za vitu zilikuwa zimepanda wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nyumba zikawa haba, ila mishahara haikufuata. Wagomaji walikusanyika kwenye uwanja wa mpira uliopewa jina la Kiwanja cha Maskini, na hapo ndipo chama chao kilipopata nguvu, kikajulikana baadaye kama African Workers' Federation. Kiongozi wake alikuwa Chege Kibachia.

Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alishuka Mombasa kuwasihi warudi kazini. Serikali iliunda baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker, na nyongeza ikatolewa. Lakini ilitolewa kwa hukumu, si kwa makubaliano. Mwajiri hakulazimika kukaa meza moja na mfanyakazi wake, na mwezi Agosti mwaka uleule Kibachia alikamatwa, akapelekwa kizuizini Kabarnet, Baringo, kwa miaka kumi hivi. Nyongeza ikabaki, aliyeidai akaondolewa.

Gatini, shida kubwa ilikuwa ukibarua. Kibarua alilipwa kwa siku: meli ikiingia anaitwa, isipoingia anashinda njaa. Hata hivyo hali hiyo ilimpa silaha. Asipotokea leo, nani atamfukuza kazi ambayo hakuajiriwa? Waajiri walilijua hilo, na miaka ya hamsini wakaanza kuwaandikisha vibarua na kuwabana kwa masharti ya mahudhurio.

Machi 1955 makuli waligoma tena. Hali ya hatari ilikuwa bado imetangazwa, na chama cha siasa cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku tangu 1953, hivyo vyama vya wafanyakazi vilibaki miongoni mwa mahali pachache ambapo Mwafrika angeweza kusema kwa niaba ya wenzake. Tom Mboya, aliyekuwa na umri wa miaka 24 tu, alikuja kutoka Nairobi kama katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo. Aliwashawishi wagomaji warudi kazini, kisha akaipeleka hoja yao kwa msuluhishi. Wakatoka na nyongeza ya asilimia 33.

Nyongeza kama hiyo haikuwa ya kawaida, na sifa yote haistahili kumwendea Mboya. Asingekuwa na la kusema mezani kama meli hazikuwa zimekwama bila wa kuzipakua. Tofauti na 1947 ni kwamba mara hii chama kilibaki baada ya mgomo. Chama cha makuli kiliimarika, na kufikia mwisho wa miaka ya hamsini kilikuwa kikiongozwa na Denis Akumu.

Mwaka 1962 serikali, waajiri na vyama walitia saini mkataba wa mahusiano kazini. Mahakama ya Viwanda ilifuata 1964. Bandarini, ajira ya kudumu na mshahara bora vilikuja pamoja, na nafasi ya kibarua wa kuja na kuondoka apendavyo ikazidi kupungua.