Dini, Nguo na Lugha ya Sofala: Kumsoma Upya Duarte Barbosa

Anayetafuta ushahidi wa kale kuhusu lugha za pwani ya Afrika Mashariki hakosi kumfikia Duarte Barbosa, karani Mreno wa Cannanore, aliyekamilisha kitabu chake kuhusu nchi za Bahari ya Hindi mnamo mwaka 1516 hivi. Kumfikia si kosa. Tatizo ni ukurasa tunaouchagua.

Barbosa huwagawa watu kwa dini. Muislamu ni *moro*, awe wa Kilwa au wa Gujarat. Mwenye dini ya jadi ni *gentio*. Anapoieleza Kilwa, ambako Wareno walijenga ngome mwaka 1505 na kuihama mwaka 1512, anawataja wenyeji kuwa watu wa Kurani na wa Kiarabu. Sentensi hiyo ndiyo wanafunzi wangu huipigia mstari kila mwaka, kisha wakaifanya hoja kwamba Kiswahili kilianza kama Kiarabu.

Sofala yatoa ushahidi mwingine. Huko nako Wareno walijenga ngome mwaka 1505, wakiitaka dhahabu iliyotoka bara, na hivyo Barbosa anachunguza zaidi nani anauza nini. Anaeleza vyombo vilivyotoka Kilwa, Mombasa na Malindi vikiwa na nguo na shanga za Cambay. Anaeleza pia kwamba *moro* wa Sofala walifuma nguo nyeupe za pamba na, kwa kukosa ujuzi au dawa za kutia rangi, walifumua nguo za buluu za Cambay, wakaufuma upya uzi wake pamoja na ule wao mweupe. Nguo hizo ziliwapatia dhahabu nyingi. Katika maelezo hayohayo anadokeza kwamba baadhi yao walisema Kiarabu, ilhali wengi walitumia lugha ya nchi, yaani lugha ya *gentio*.

Simaanishi kwamba lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Sofala iko kusini mno, na jirani zake wa bara ni wasemaji wa lugha za kundi la Kishona. Hata hivyo, ikiwa Uislamu na lugha ya Kibantu vilikaa katika kinywa kimoja huko, Kiarabu cha Kilwa hakina budi kuhojiwa: kilikuwa cha nyumbani, cha msikitini, au cha barua na mikataba? Barbosa mwenyewe hakuwa mgeni wa hali hiyo. Malabar, alikoishi miaka mingi na kujifunza lugha ya huko, anawaeleza Waislamu wazawa waliosema lugha ileile ya majirani zao Wahindu.