Upepo wa 1872 na Ufukwe Wetu wa Leo

Mwambie mtu kwamba Zanzibar iliwahi kupigwa na kimbunga, uone atakavyokubishia. Si mambo ya Madagaska na Msumbiji hayo? Lakini Aprili 1872, Sultani Barghash akiwa bado mgeni kwenye kiti, upepo uliivamia Unguja, ukavunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu mashambani. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa.

Mimi hunifikirisha zaidi hiyo mikarafuu. Haikuwa ya asili pale. Matajiri walifyeka ardhi ya Unguja, wakategemea zao moja kwa jasho la watumwa. Basi kimbunga kilipopita, kazi ya miaka ikalala chini, maana mkarafuu hauzai leo na kesho. Bei ikapanda, kilimo kikashamiri Pemba, na watumwa wakazidi kupelekwa huko. Hasara ya bwana ikageuka mzigo wa mtumwa.

Leo bahari ina joto zaidi, na maji ya moto ndiyo chakula cha kimbunga. Usawa wa bahari nao umepanda, kwa hiyo maji yanayosukumwa na upepo yanaingia nchi kavu kirahisi zaidi. Mei 2024, Hidaya ilitua Mafia. Na sisi? Tunakata mikoko iliyokuwa ikivunja nguvu za mawimbi, tunajenga hoteli hatua chache kutoka majini.

Siku ya upepo hatuipangi sisi. Ila utakachokikuta njiani, hicho tumekipanda na kukijenga wenyewe.